Nani Anakamua?

Vijana wa ofisini mliniaga kwa keki, hotuba ndefu na zawadi ya kigoda kipya. Nilicheka nikitoa machozi, kwa sababu kile cha zamani kilikuwa kimeanza kunibana na mlikuwa mnaniona nikikikalia kwa upande mmoja bila kusema neno. Halima akasema, "Mama Mwende, usiende hivi hivi. Waandikie hawa watoto." Basi naandika. Vyeo na mishahara sitavigusa, mtaviona wenyewe na mtavinung'unikia wenyewe. Nitaandika yale yaliyonishtua, maana kazi hii ilinishtua kutoka siku ya kwanza hadi ya mwisho, na mtu ambaye haimshtui afadhali akauze mitumba.

Nilianza nikiwa keshia katika duka la vifaa vya ujenzi hapa Kitengela. Mwenye duka alikuwa amewekewa programu huria ya biashara, yaani programu ambayo mtu yeyote ana ruhusa ya kuifungua, kuirekebisha na kuwagawia wengine. Waliokuwa wakiitengeneza ni watu wa kujitolea waliotawanyika duniani, wengi wao hawajawahi hata kuonana. Matumbo yake yalikuwa mazuri ajabu. Lakini uso wake, Mungu anisamehe, ulikuwa kama meza ya fundi wa redio. Wasomi huuita uso huo kiolesura. Mimi niliutukana kwa Kikamba kwanza, jina lake nikalijua baadaye.

Kitufe cha kuhifadhi na kitufe cha kufuta vilikaa bega kwa bega, rangi moja na ukubwa mmoja. Siku moja nikachukua solotepu ya mafundi wa rangi, nikaibandika kwenye skrini juu ya kile cha kufuta, nikaendelea kuuza misumari kwa amani. Halima, ambaye ofisi yake ndogo ndiyo iliyokuwa ikiwawekea watu programu hiyo, akaja kukagua mashine. Alikuwa msichana mwembamba wa hijabu nyeusi, wazazi wake ni wafanyabiashara wa mifugo kutoka Garissa, na umri wake ungemtosha kuwa mdogo wangu wa mwisho.

"Nani amebandika hii kitu?"

"Ni mimi. Ndio nisifute mauzo ya watu."

Alicheka mpaka akaegemea magunia ya saruji. Kisha akasogeza ukurasa chini kidogo, na solotepu yangu ikawa imeziba jumla ya bei. Kumbe nilikuwa nikiwauliza wateja jumla yao kila ukurasa uliposogea, nikidhani ni kawaida ya mashine.

"Kesho uje ofisini," akasema.

Nilijua nimeshtakiwa. Nilienda na dada yangu awe shahidi. Tulipoambiwa kwamba naitwa kazini, dada yangu ndiye aliyeuliza mara mbili kama wana uhakika.

Hapo ndipo Halima alipokuwa mwalimu wangu. Hakunifunza kompyuta kwanza. Alinipa kigoda, akaniambia, "Keti nyuma ya mtu. Nyamaza. Usiangalie skrini, angalia mkono. Mkono ukisita, kazi yetu iko hapo. Na ukigusa mausi ya mtu ili umsaidie, wallahi nitakukata huo mkono." Ninyi mnaoanza mnaona ni mzaha. Jaribuni kukaa kimya nyuma ya mtu anayetafuta kitu ambacho ninyi mnakiona waziwazi. Mimi nilikuwa nauma leso.

Kesi ya kwanza iliyonifungua macho ilikuwa Namanga, kwa mawakala wa kupitisha mizigo mpakani. Walilalamika kwamba programu ni nzito. Nikaweka kigoda changu, nikaona karani akiandika upesi upesi, na kando yake kijana mzima, mwenye tai, mkono wake umetulia juu ya mausi. Karani akimaliza, huyu wa tai anabonyeza. Anabonyeza tena. Anabonyeza tena.

"Na wewe kazi yako ni gani?" nikamuuliza wakati wa chai.

"Mimi ni wa kubonyeza Ndiyo."

Nikadhani ananichezea shere. Hapana. Programu ilikuwa ikiuliza "Una uhakika?" kwa kila kitu, na malori yakiwa mengi karani alishindwa, basi mkubwa wao akaajiri mtu wa kuwa na uhakika. Nilirudi Kitengela nikiwa nimeduwaa. Tulipoyaondoa yale maswali, tukaacha moja tu palipo na hatari, nilihofia tumemtoa mtu kazini. Wakamhamishia kwenye simu, na nasikia anafanya vizuri, isipokuwa anakubali kila kitu.

Sasa nije kwenye kesi ambayo sijaisahau, na ambayo ndiyo sababu hasa ya kuandika.

Kulikuwa na chama cha maziwa upande wa Kajiado, ukipita mji kidogo kuelekea Bissil, kwa Wamaasai. Kina kituo kimoja chenye mizani, tangi la kupoza, na karani anayeitwa Sironka, mwanamume wa makamo, mkali wa usafi, ambaye angekurudishia maziwa yako ukiyaleta kwenye mtungi wa mafuta ya kupikia hata ungekuwa mama yake. Wanawake huja asubuhi na mikebe, wengine kwa punda, wengine kwa bodaboda. Sironka anapima, anatafuta jina kwenye skrini, anaandika kilo, risiti inatoka. Wanachama wa kulijaza tangi walikuwa wametimia, hakuna nafasi mpya, na sheria ya chama ilikuwa moja na ngumu: nafasi ikikaa bila maziwa mpaka mwisho wa mwezi, inapewa mtu mwingine.

Asubuhi ile nilikuwa nimekaa nyuma ya Sironka kwa sababu programu ilikuwa imepata apdeti. Wale watu wa kujitolea wa mbali walikuwa wameongeza sauti: unapima, na spika inataja jina na kilo, ili hata asiyejua kusoma asikie alichopimiwa. Sisi sote tuliifurahia. Sironka aliweka spika dirishani na kuipandisha mpaka mwisho.

Mama wa kwanza aliposikia jina la mumewe likitamkwa na mwanamke wa kizungu aliyebanwa pua, alicheka akajishika mbavu. Wa pili akaomba arudiwe. Foleni nzima ilichangamka. Kisha akaja mama mmoja mrefu, mtulivu, ambaye wote walimwita Mama Lemayian, akaweka mkebe wake juu ya mizani.

Spika ikataja jina la mumewe, majina yote matatu.

Foleni ikafa. Sijui niseme vipi. Vicheko vilikatika katikati, hata shanga zilizokuwa zikilia masikioni mwa watu zikanyamaza. Mama Lemayian alivuta shuka lake akajifunika uso. Bibi kizee aliyekuwa nyuma yake akageuza punda wake na kuondoka na maziwa yake bila kumtazama mtu. Sironka aliruka akaing'oa spika kwa waya wake na sehemu ya plasta ya ukuta. Alipogeuka, Mama Lemayian alikuwa ameshavuka barabara, na mkebe wake ulikuwa bado umekaa kwenye mizani.

"Imefanya nini?" nikauliza. "Si imetaja jina tu?"

"Mama Mwende," akasema Sironka, na alikuwa hata haniangalii, "huyo mzee alienda. Mwaka jana. Sisi mtu akienda hatumtaji. Wazee wa hapa bado wanafuata hiyo kitu sana. Kuna mtoto kwa hiyo boma alikuwa na jina kama lake, wakambadilishia. Sasa sistimu inamwita kwa spika, mbele ya bibi yake!"

Mimi ni Mkamba. Kwetu jina la aliyetutoka tunampa mtoto, na tunaliita mchana kutwa, mtoto akivunja kikombe tunaligombeza. Kwamba jina lile lile linaweza kumwangukia mtu namna hiyo, halikuwa limenipitia akilini hata mara moja. Nilirudi Kitengela bila kula. Jina lenyewe sitaliandika hapa, mnaelewa kwa nini.

Mama Lemayian hakuja kesho yake. Hakuja na kesho kutwa. Niliporudi wiki iliyofuata, mkebe wake ulikuwa umeoshwa na kufunikwa kwenye rafu, ukimngoja. Na aliyekuja badala yake ni Kasaine, mdogo wa marehemu, mwanamume wa koti zuri na rungu jembamba.

"Hiyo nafasi ya ndugu yangu imelala," akamwambia Sironka. "Niandike mimi. Mimi ndio mkubwa wa hiyo boma saa hii."

Sironka akanitazama kana kwamba mimi ndimi serikali. Nikaangalia skrini. Kwa mujibu wa programu, Kasaine alikuwa sawa kabisa. Katika ukurasa wa mwanachama kulikuwa na kisanduku kimoja tu cha kuandika jina, na juu yake maneno: Mkuu wa Familia. Mkuu amekufa, anaandikwa mkuu mwingine. Mama Lemayian hakuwa mahali popote katika programu ile. Alikuwa ameleta maziwa miaka yote na mashine haikuwa inajua kwamba yupo.

"Ngoja mwezi uishe," Sironka akamwambia. "Hiyo ndio sheria."

"Nitangoja," akasema Kasaine, akaenda zake akiwa ametulia sana.

Nilimwuliza Sironka, "Yule mama atakula nini?"

"Hayo maziwa ndio shule ya watoto, ndio unga, ndio kila kitu." Kisha akaongeza, kama mtu anayesema jambo ambalo hata halina haja ya kusemwa, "Na yenyewe kwetu maziwa si ya mwanamume. Ng'ombe ni ya mwanamume. Maziwa ni ya mama. Hata mimi kwangu siwezi gusa kibuyu kama mke wangu hajanipea."

Nilishtuka mpaka nikasimama. "Unasema?"

"Maziwa ni ya wanawake. Kila mtu anajua."

"Sasa mbona majina yote humu ni ya wanaume?"

Alifikiri. Nadhani ilikuwa mara yake ya kwanza kuulizwa. "Si sistimu iliuliza mkuu wa familia? Tungeandika nani?"

Jamani. Nilikaa tena kwenye kigoda changu. Mtu fulani wa mbali, mwenye nia njema, aliandika maneno matatu juu ya kisanduku, labda jioni akinywa kahawa yake, na maneno hayo yakachukua maziwa ya Kajiado kutoka mikononi mwa wanawake yakayatia mifukoni mwa waume zao. Hakuna aliyepiga kura wala kikao kilichoitishwa. Watu walijibu walichoulizwa tu. Katika kazi yangu yote sijawahi kuona kitu kidogo namna ile kikifanya jambo kubwa namna ile.

Nilimweleza Halima. Akavua miwani, akasema, "Hebu rudia." Nikarudia. "Ya Allah," akasema, na tukaanza kazi saa ile ile.

Hapa niwape la ufundi, maana mtalihitaji. Njia rahisi ilikuwa kuzima sauti, na wengi kati ya wale wa kujitolea ndivyo walivyotushauri tulipowaandikia. Mmoja akauliza inawezekanaje mtu asitajwe jina. Mwingine akapendekeza tuweke nyota mahali pa jina. Mwingine alikasirika kwamba tunaleta mila kwenye programu, na Halima akamjibu kwa upole kwamba mila ilikuwamo tangu mwanzo, ila ilikuwa ya kwao. Mjifunze hilo. Uso wa programu hauna kisanduku kisicho na kwao.

Tulifanya mambo mawili. Tukaondoa Mkuu wa Familia, tukaweka swali: Nani anakamua? Na jina la kitambulisho tukalificha ndani, lisitajwe wala kuchapishwa, tukaweka kando yake jina la kuitwa, ambalo mtu anajichagulia. Kwa kuwa yule mwanamke wa pua alikuwa akiyaua majina ya Kimaa, tukaweka kipaza sauti kidogo ili kila mmoja ajitaje mwenyewe, na mashine itumie sauti yake. Nilichora ukurasa ule mara nyingi kwa penseli kabla haujagusa kompyuta. Sironka alipeleka jambo kwenye kamati ya chama. Nilitarajia vita. Mwenyekiti, mzee wa watu, alisikiliza, akashangaa kidogo kwamba tulikuwa tunaandika vingine, akasema, "Anayekamua ndiye analeta. Endeleeni."

Mwezi ulikuwa unayoyoma. Mimi na Sironka tulikwenda nyumbani kwa Mama Lemayian. Nilimsalimu kwa Kimaa changu cha kubahatisha, "Takwenya," naye akaitikia "Iko" bila tabasamu, akatupa chai nzito. Nilimweleza kwamba jina lile halitatajwa tena, na kwamba atachagua la kwake. Alisikiliza akiangalia mikono yangu. Nikaona yeye ndiye angemfaa Halima kuwa mwanafunzi.

"Hiyo mashine haitasema kitu sijasema?" akauliza.

"Haitasema."

"Nimesikia," akasema tu, na Sironka njiani alikataa kunihakikishia kwamba hiyo maana yake atakuja.

Asubuhi ya siku ya mwisho ya mwezi nilikuwa kituoni kabla ya tangi kufunguliwa. Spika ilikuwa dirishani tena, imeshushwa sauti. Wanawake walipita mmoja mmoja kwenye kipaza sauti. Wengi walijitaja mama fulani, kwa jina la mtoto wao wa kwanza. Mmoja alisema aitwe Sambu kama ng'ombe wake wa mabaka, foleni ikashangilia, na baada yake kila mtu akataka ng'ombe. Mama Lemayian hakuwepo.

Kasaine alikuwepo. Alisubiri vizuri, akasogea dirishani. "Leo ndio leo. Niandike."

Sironka akafungua ukurasa mpya, akasoma kwa sauti kama anavyosoma kila kitu. "Nani anakamua?"

Kasaine akakunja uso. "Nini?"

"Ni sistimu inauliza. Nani anakamua?"

Wanawake wakageuka wote pamoja. Sijui kama mmewahi kuona mwanamume mzima wa Kajiado akiulizwa mbele ya wake za watu kama yeye hukamua. Alihamisha rungu kutoka mkono huu kwenda huu. "Mke wangu," akasema hatimaye.

Kutoka katikati ya foleni mama mmoja mfupi, ndiye mke mwenyewe, akainua mkebe wake juu. "Baba Nashipai, mimi niko na yangu nafasi tangu zamani. Hizo ng'ombe zingine za ndugu yako ni nani anakamua?"

Kicheko kilichotoka hapo kilisikika hadi barabarani. Kasaine alijaribu kucheka pia, akasema ana safari ya mnadani, akaondoka. Na hapo ndipo tulipomwona Mama Lemayian. Alikuwa amesimama upande wa pili wa barabara na mkebe wa kuazima. Sijui alikuwa hapo tangu saa ngapi. Alivuka, wenzake wakampisha, akaweka mkebe kwenye mizani.

"Nani anakamua?" akauliza Sironka, safari hii kwa sauti ndogo.

"Mimi."

"Tukuite nani?"

Nilikuwa na hakika ya jibu. Hata kidole cha Sironka kilikuwa kimeshaanza kuandika Mama Lemayian. Alishika kipaza sauti, akakisogeza mdomoni, akafikiri kidogo.

"Nasieku," akasema.

Kidole cha Sironka kikasita. Bibi kizee wa punda, aliyekuwa amerudi siku ile, akauliza, "Nasieku ni nani?" Na hapo niliona kwenye nyuso zao kwamba hakuna aliyejua. Walikuwa wamechota maji naye, wamezaa naye na kumzika mumewe naye, na tangu aolewe alikuwa bibi ya fulani, kisha mama ya fulani. Mimi mwenyewe nilikuwa nimehangaika mwezi mzima juu ya jina la mumewe.

"Ni mimi," akawaambia. "Mama yangu ndiye aliniita hivyo."

Sironka akabonyeza. Spika ikatamka Nasieku, kwa sauti yake mwenyewe, ikaenda mpaka ng'ambo ya barabara. Yeye alisikiliza, kifuniko cha mkebe mkononi.

"Irudie," akasema.

Sironka akairudia. Hakuna aliyecheka wala kusogea kwenye foleni.

"Sawa," akasema Nasieku. "Sasa pima maziwa."